Ndege Isiyo na Nchi

Muthama alipotoka jela mwaka wa themanini na sita, mke wake Mbinya hakumtambua mara moja. Alikuwa ameketi kwenye veranda ya duka la Rashid mjini Mwingi, mbele ya cherehani yake, akipinda sketi ya shule, akaona mwanamume mwembamba amesimama ng'ambo ya barabara ya Garissa akingoja lori la ng'ombe lipite. Lori lilipita na vumbi likatulia. Yule mtu hakuvuka. Alibaki pale pale kama aliyesahau kwamba ni yeye wa kuamua. Ndipo Mbinya akajua ni mume wake, akaenda kumshika mkono na kumvusha.

Kabla ya Agosti ya themanini na mbili, Muthama alikuwa fundi wa ndege katika jeshi la anga. Hakuwa rubani. Alikuwa mtu wa spana na grisi. Jaribio la mapinduzi liliposhindwa, waliokuwa kambini walikusanywa wote, aliyeshika bunduki na aliyeshika spana, na Muthama akapewa kifungo ambacho hata siku ya kutoka hakuweza kueleza vizuri kilikuwa cha kosa gani.

Alirudi na vidole vitatu vya mkono wa kulia visivyokunjika. Mbinya aliuliza mara moja tu.

"Mlango," Muthama alijibu.

Alitafuta kazi. Mwenye gereji wa kwanza alimpa chai, akamwambia atamtumia habari. Wa pili hakutoa chai. Wa tatu alisema wazi, "Ndugu yangu, polisi wakija kukutafuta hapa watapata na gari zisizo na karatasi. Nihurumie." Baada ya hapo Muthama aliacha kutoka. Alikaa ndani karibu na dirisha, mikono juu ya magoti. Binti yao Muthoki alipofunga shule kule mji wa Wote alikosoma bweni, alimsalimia baba yake kwa mkono kama mgeni wa kanisani, kisha akaenda kumsaidia mama yake kuchambua ndengu. Mbinya alipika, akala peke yake, akafunika sahani ya mume wake, na mara nyingi asubuhi aliikuta imefunikwa vilevile.

Rashid ndiye aliyeileta ile katoni. Wakwe zake wa Mombasa humtumia bidhaa za kila aina zilizoshuka melini, nguo, vyombo, taa, na safari hiyo katikati ya sahani za plastiki palikuwa na sanduku la karatasi lililopauka kwa jua, pembe zake zimetafunwa na panya. Juu yake palikuwa na picha ya ndege ya kivita ikipasua mawingu.

"Fundi, mimi kitu hiki sikijui," Rashid alisema akiwa mlangoni. "Ni vipande vipande. Nani atanunua ndege iliyovunjika? Nikasema, heri nimpe mwenye mambo yake."

Muthama aliichukua, akaitazama ile picha kwa muda mrefu. "Haijavunjika," alisema. "Ni ya kuunganisha. Hii ni Hunter. Nimelala chini ya tumbo la hii miaka mingi, kabla hazijaondolewa zikaja zile za Kimarekani."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno mengi zaidi aliyosema tangu arudi. Rashid akamtazama Mbinya, Mbinya akatazama chini.

Rashid alipoondoka, Mbinya alifunga mlango. "Baba Muthoki, kitu hiki kisilale hapa."

"Ni ya kuchezea watoto."

"Mtu aliyefungwa kwa sababu ya ndege, anaonekana nyumbani kwake anaunda ndege ya vita. Utamwambia chifu ni ya kuchezea? Ile wiki ya mapinduzi nilichoma ovaroli zako. Nilichoma picha zote. Picha ya harusi nilichoma, kwa sababu ulikuwa umevaa ile kofia. Sitaki kuchoma tena."

Muthama hakubishana. Alifungua katoni, akatoa fremu za plastiki ya kijivu zilizoshika vipande kama matunda kwenye kijiti, akazipanga mezani moja moja. Na jioni hiyo, kwa mara ya kwanza, alimaliza chakula chake. Mbinya akaona sahani tupu, akaiosha, akaiacha katoni pale mezani.

Kazi ilianza mchana uliofuata, madirisha yakiwa yamefungwa nusu. Mambo yalikuwa mabaya tangu mwanzo. Plastiki ilikuwa ya zamani, bawa moja limepinda, na gundi iliyokuja na sanduku ilikuwa imekauka ikawa jiwe. Muthama alimwendea Nzioka, mchoraji wa malori, akaomba thina kidogo, ile ya kuyeyushia rangi, ndani ya chupa ya dawa. Aliipaka kwa unyoya wa kuku mahali vipande vilipokutana, plastiki ikayeyuka kidogo na kushikana yenyewe. Pale palipobaki ufa, alikata vijiti vya fremu akavilowesha katika thina mpaka vikawa uji mzito, akaziba nao, akangoja ukauke, akasugua kwa msasa na maji. Bawa lililopinda aliliweka ndani ya maji ya moto, akalinyoosha polepole juu ya ubao wa kukatia nyama.

Mwili wa ndege ulikuwa umejaa vichwa vya ribiti, misumari ya kushikishia mabati, vilivyovimba kama mtama. Muthama alivitazama kwa hasira.

"Aliyetengeneza hii hakuwahi kuigusa ndege yenyewe," alisema. "Hunter ni laini. Ukipitisha kiganja hivi, ni kama chungu kilichosuguliwa."

Akavisugua vyote vikaisha. Lakini mistari ya maungio ya mabati nayo ilifutika, na ilipofika kuichora upya, vidole vilimshinda. Sindano ilimponyoka, ikakwaruza, ikamponyoka tena. Mbinya alikuwa pembeni akishona vifungo. Alivumilia, akavumilia, mwisho akaweka shati chini.

"Lete hapa. Nionyeshe ni wapi."

Basi wakawa wawili. Muthama alishikilia rula ya bati kwa mkono mzima, Mbinya akavuta sindano yake nyembamba zaidi, ile ya kushonea hariri, na mstari ukakaa. Alikuwa na mkono thabiti. Alichora milango ya mafuta, milango ya magurudumu, mstari unaozunguka shingo ya ndege. Mikanda ya kiti cha rubani aliikata kutoka kwa utepe wa gauni la harusi la mteja. Muthama alitengeneza mabomba ya kwenye mashimo ya magurudumu kwa waya wa shaba uliotoka kwenye redio mbovu. Ndani ya pua alijaza risasi aliyoyeyusha kutoka kwa betri ya lori.

"Ya nini hiyo? Haitaonekana," Mbinya aliuliza.

"Bila uzito mbele inakaa mkia chini, kama mbuzi anayekojoa."

Mbinya alicheka. Alishtuka kusikia sauti yake mwenyewe.

Ni katika mchana wa siku hizo ndipo jina la Ndululu lilipoanza kutajwa. Ndululu alikuwa rafiki wa Muthama huko jeshini, kijana kutoka kijiji cha Zombe, mtu wa kuimba akifanya kazi. Ndululu aliwahi kumfundisha Mzungu mmoja kusema matusi ya Kikamba, Mzungu akidhani ni salamu. Ndululu aliwahi kulala ndani ya bomba la injini mchana wa jua kali, wakamtafuta kambi nzima. Muthama alisimulia akisugua plastiki, macho kwenye kazi, na Mbinya akajifunza kutouliza. Lakini siku moja aliteleza.

"Na sasa yuko wapi huyo Ndululu?"

Muthama aliweka bawa chini. Alifunika chupa ya thina, akaenda kukaa dirishani, na siku hiyo hakurudi mezani.

Ilipofika zamu ya alama za kubandika, zile karatasi nyembamba zenye maandishi madogo na pembetatu nyekundu za tahadhari, Muthama alizilowesha kwenye sahani kama maelezo yalivyosema. Zilikuwa za zamani mno. Zilipogusa maji zilipasuka vipande vidogo vidogo, vikaelea kama maganda ya kitunguu. Muthama aliinama juu ya sahani, akajaribu kuvikusanya kwa ncha ya njiti ya kiberiti, herufi kwa herufi. Kisha akaacha, akalia. Hakulia kwa sauti. Machozi yalidondoka ndani ya maji yale yale, na Mbinya akasimama nyuma yake bila kujua aweke wapi mikono.

Pembetatu walizipaka kwa brashi, kwa rangi iliyobaki ya Nzioka. Kijani na kijivu juu, tumbo jeupe lililofifia. Kioo cha rubani kilichokwaruzika Muthama alikisugua kwa kitambaa na dawa ya meno mpaka kikang'aa. Alipochukua brashi kutaka kuchora ngao na rangi za taifa ubavuni, Mbinya alimshika mkono.

"Hiyo usichore. Nakuomba. Ikae hivyo hivyo."

Muthama aliweka brashi chini. "Sawa," alisema. "Isiwe na nchi."

Mama mmoja mzee alifika wiki hiyo. Alikuja kwa miguu kutoka kituo cha magari, kiondo mgongoni, kamba yake ikipita kwenye paji la uso, akauliza kwenye veranda kama hapa ndipo kwa yule wa jeshi la ndege aliyetoka jela. Mfanyabiashara mmoja wa mbuzi ndiye aliyemwambia. Jina lake lilikuwa Kaluki, wa Zombe. Mbinya alisimamisha cherehani. Alimwingiza ndani bila kuuliza zaidi.

Muthama alisimama alipomwona. Yule mama alifanana na mwanawe Ndululu, paji lile lile pana.

"Karibu, mwaitu," alisema, na akamwita mama kwa Kikamba kama alivyopaswa, lakini hakumtazama machoni.

Kaluki alikataa chai. "Nimekwenda Nairobi mara nyingi. Kila geti wananiambia jina hilo haliko kwa kitabu. Hawasemi amekufa, hawasemi yu hai. Wewe ulikuwa naye?"

"Nilikuwa naye."

"Basi niambie."

"Mwaitu, Ndululu hayuko."

"Najua hayuko. Nauliza yuko wapi."

Muthama alishika ukingo wa meza. Mbinya alimsogezea kiti. Kisha Muthama akaketi, akamweleza. Walifungiwa chumba kimoja, wengi, na sakafu ilikuwa ikimwagiwa maji ili wasilale. Ndululu alianza kukohoa. Waligonga mlango kumwita askari, askari akasema wangoje. Wakagonga tena. Kulipokucha Ndululu alikuwa baridi.

"Tulimbeba kwa blanketi," Muthama alisema. "Mimi nilishika pembe moja mpaka mlangoni. Mlangoni nikaambiwa niachie. Nikaachia. Walikompeleka sikuona, mwaitu. Ningekuwa najua, ningekuja kwako siku ile ile niliyotoka. Niliogopa kuja kwako na nusu ya habari."

Kaluki hakulia. Alikuwa akikunja na kukunjua ncha ya leso yake. "Aliniita?"

"Alikuita."

Mbinya alimtazama mume wake na hakuweza kujua kama ni kweli. Hakuwahi kumuuliza, wala siku ile wala baadaye.

Mama yule aliinua macho akaiona ndege mezani, ikisimama kwenye magurudumu yake, milango ya tumbo bado haijabandikwa. "Hiyo ni nini?"

"Ndiyo ndege tuliyokuwa tukiitunza, mimi na yeye. Ni mfano wake."

"Ya nchi gani? Naona haina bendera."

"Haina, mwaitu."

"Ndululu alikuwa akiiendesha?"

"Hapana. Yeye alikuwa mtu wa bunduki zake. Ziko nne, hapa chini ya pua." Muthama aliigeuza kwa uangalifu. "Ikitua, Ndululu anaingia hapa chini, anashusha bunduki zote nne kwa pamoja kwa kamba za chuma, zikiwa kwenye sanduku lake, anaweka zingine zilizojaa. Hakuna aliyemshinda kwa haraka."

Kaluki aliweka kidole kwenye yale matundu manne, moja baada ya jingine. "Aliniambia yuko stoo. Anahesabu mablanketi."

"Hakutaka uwe na wasiwasi."

"Pasta alikataa kuniombea mazishi," Kaluki alisema, kidole kikiwa bado pale. "Anasema bila mwili na bila karatasi, atazika nini. Watu kanisani wananiambia nisubiri kwa Mungu. Nimesubiri. Sasa nimejua, na sina kitu cha kuweka chini." Akamtazama Muthama. "Nipe hii."

Mbinya, aliyeogopa kile kitu tangu siku ya kwanza, alisikia moyo wake ukisema hapana. Alitaka kusema kwamba mistari ile ni yake, kwamba mikanda ile midogo ya kiti ni yake, kwamba mume wake amekula na kuzungumza kwa sababu ya kile kitu. Badala yake aliinama kuokota vijiti vya plastiki sakafuni.

"Nitakuletea mwenyewe," Muthama alisema. "Bado haijaisha."

Kaluki alipoondoka, Muthama alichukua wembe akaanza kukata sehemu ya chini ya pua, pale pale walipoziba na kusugua kwa siku nyingi. Mbinya alipiga kelele.

"Unaiharibu!"

"Namtengenezea Ndululu kazi yake."

Alilitoa lile sanduku la bunduki, akatoboa ndani yake, akalijenga upya kwa vijiti na waya. Alitaka lining'inie, nusu limeshuka, kama linavyokuwa ndege imetua na mtu wa bunduki yuko chini yake. Kamba za kulishusha zilitoka kwenye uzi wa Mbinya. Chini yake aliweka kigari kidogo cha kubebea, magurudumu yake yakiwa shanga nne nyeusi. Mbinya alifunga mafundo, maana yeye ndiye aliyeweza.

"Inaenda chini ya udongo," alisema akivuta uzi kwa meno. "Nani ataona haya yote?"

"Wewe umeona. Mimi nimeona."

Rashid alitoa sanduku la mbao lililokuja na majani ya chai. Alipoambiwa ni la nini, alisema tu, "Inna lillahi," akaongeza kipande cha kitambaa cha buluu, akakataa kushukuriwa.

Zombe ilikuwa kavu. Mahindi yalikuwa yamesimama manjano, hayajafika magotini. Watu waliokuja kwa Kaluki walikuwa wachache, majirani na wanawake wawili wa kanisa waliokuja bila kumwambia pasta. Mteremkoni chini ya nyumba, penye mawe yaliyopangwa kuzuia mmomonyoko, kulikuwa na shimo dogo, na mbali kidogo, mgongo kwa watu, alisimama Kivuva, kaka mkubwa wa Ndululu.

Muthama alipoweka sanduku chini, Kivuva aligeuka akaja. Alikuwa mtu mkubwa, mikono imejaa udongo mkavu.

"Fungua nione."

Muthama alifungua. Kivuva aliinama juu ya ile ndege.

"Mnamzika ndugu yangu kama kitu cha kuchezea," alisema. "Watu watatucheka mpaka tufe."

"Kivuva," mama yake alisema.

"Acha nimuulize, mwaitu. Nina swali moja tu." Akamkazia macho Muthama. "Mlikuwa chumba kimoja. Maji yale yale, sakafu ile ile. Kwa nini wewe ulitoka?"

Mbinya alisogea karibu na mume wake. Upepo ulipeperusha ncha ya kitambaa cha buluu, Muthama akainama kukirudisha kwa vile vidole vyake vilivyonyooka, kikamshinda, akajaribu tena.

"Sijui," alisema akiwa bado ameinama. "Najiuliza kila siku. Sijui."

Kivuva aliitazama ile mikono. Hakusema amesamehe, wala hakuna aliyemwomba. Alichukua jembe lililokuwa limeegemea mawe, akaruka ndani ya shimo.

"Shimo hili ni fupi," alisema. "Mbwa watafukua."

Alichimba. Udongo ulikuwa mgumu kama sakafu na jembe lililia kila lilipogonga. Alichimba mpaka magotini, mpaka kiunoni, akapanua kwa urefu na upana, jasho likimtiririka, na hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba sanduku lile halihitaji shimo kubwa kiasi hicho. Alipomaliza lilikuwa kaburi la mtu mzima. Aliinua mikono akapokea sanduku kutoka kwa Muthama, akaliweka katikati, dogo sana pale chini, akapanda juu.

Mwanamke mmoja wa kanisa alianzisha wimbo, sauti ikamkatika, wakaumaliza wengine. Kaluki alitupa udongo kwa mkono. Kisha wakafukia, wakala isyo, mahindi na maharagwe, kwenye sufuria moja, na jua lilipopungua Muthama na Mbinya wakarudi barabarani kungoja gari la Kitui.

Baada ya hapo Muthama alipata kazi ya kupakia ng'ombe kwenye malori pale Mwingi, kazi ambayo mtu haulizwi karatasi. Rashid alimletea katoni nyingine kutoka Mombasa, ndege mpya kabisa, alama zake nzima. Muthama alishukuru vizuri, akaiweka juu ya kabati, na haikufunguliwa. Mchana wa Jumapili alikaa tena dirishani. Mbinya alishona, na wakati mwingine aliona mkono wake mwenyewe ukisimama, sindano hewani, ukingoja kuonyeshwa ni wapi.

Mvua za Novemba zilikuja kidogo zikakatika. Mwaka uliofuata zikawa nzuri, na mfanyabiashara wa mbuzi akaleta salamu kutoka Zombe. Kaluki alikuwa mzima, mbaazi zimezaa. Ila kulikuwa na jambo lililomsumbua, alisema yule mtu. Makaburi yote pale, mvua ikipita na jeneza likioza, udongo hushuka, watu wakaongeza mwingine juu.

"Mama anasema la Ndululu halijabonyea hata kidogo. Anauliza kama ni sawa."

Muthama alimsikiliza mpaka mwisho. Alimwambia amjibu mama kwamba ni sawa, kwamba atakwenda mwenyewe kumwona. Kisha akarudi kwenye lori, ambako ng'ombe wa mwisho alikuwa amekataa kupanda, akamwekea bega nyuma, akasukuma.